Padre Aliyetuachia Macho Yake: Maisha ya Mwenyeheri Carlo Gnocchi



Kabla sijawasimulia habari za padre huyu, naomba niwaambie jinsi nilivyokutana naye, maana bila hivyo mtadhani nimemtoa tu kwenye kalenda ya watakatifu.

Mwaka juzi mdogo wangu, akiwa kidato cha pili, alianza kulalamika kwamba haoni vizuri ubaoni. Tukamnunulia miwani. Baada ya miezi michache ikawa haimfai, tukabadilisha, na hiyo nyingine nayo ikawa haimfai. Mwishowe daktari wa macho akatukalisha na kutueleza. Mbele ya jicho kuna sehemu angavu kama kioo inayopitisha mwanga, inaitwa konea. Ya kwake ilikuwa inachongoka kidogo kidogo, kama pia. Jicho la kulia bado lingeweza kusaidiwa, lakini la kushoto huenda siku moja likahitaji konea nyingine. Mama akauliza hiyo nyingine inatoka wapi. Daktari akajibu kwa upole kwamba inatoka kwa mtu aliyefariki, ambaye yeye mwenyewe au ndugu zake waliridhia.

Basi mwenzenu nikaanza kusali. Nilisali rozari kila usiku kwa nia hiyo moja: Mungu atupatie mtu. Hadi usiku mmoja, nikiwa katikati ya matendo ya uchungu, swali likanijia ghafla. Huyo mtu ninayemwomba ni nani? Ni mtoto wa nani? Na mimi, nikifa kesho, ningekubali macho yangu yachukuliwe? Mwili ukanisisimka. Jibu lilikuwa hapana. Yaani nilikuwa namwomba Mungu anipatie kwa mwingine kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekitoa, hata nikiwa maiti. Rozari ile sikuimaliza.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mepesi. Bibi yetu, ambaye ndiye aliyetufundisha sala zote tangu Ishara ya Msalaba, aliuliza mtu atafufukaje siku ya mwisho akiwa hana macho. Hakuna aliyemjibu. Na mimi ninayefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kila Jumamosi, nilitazama chini tu.

Nilipokwenda kumweleza paroko wetu, hakunihubiria. Alinitajia jina nisilowahi kulisikia, akaniambia nikasome maisha ya mtu huyo kisha nirudi. Jina lenyewe ni Carlo Gnocchi. Hilo la pili linatamkwa kama Nyoki. Italia mapadre huitwa Don, kwa hiyo watu wake walimwita Don Carlo, nami nitamwita hivyo.

Mtoto aliyezoea misiba

Don Carlo alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1902 katika mji mdogo wa San Colombano al Lambro, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Enrico, alikuwa fundi wa kuchonga marumaru. Mama yake, Clementina, alikuwa fundi cherehani. Walikuwa na watoto watatu wa kiume, Carlo akiwa wa mwisho.

Carlo alikuwa na miaka mitano tu baba yake alipofariki. Vumbi la mawe aliyoyachonga ili awalishe wanawe lilikuwa limeharibu mapafu yake. Mama akahamia Milano na watoto wake, akashona nguo za watu ili wapate kula. Kisha kifua kikuu kikamchukua Mario, na baadaye kikamchukua Andrea. Kati ya wana watatu akabaki mmoja, naye mwenye afya ya mashaka. Mara nyingi Carlo alipelekwa kukaa kijijini Montesiro kwa shangazi yake, apate hewa nzuri.

Nawaomba msilipite hili haraka. Mtu huyu hakukifahamu kifo kwa kukisoma seminarini. Alikifahamu mezani kwao, kwa kuhesabu viti vilivyobaki wazi. Na huyo mama, mjane aliyekwisha kuzika watoto wawili, alipoambiwa na yule mmoja aliyebaki kwamba anataka kuwa padre, hakumzuia.

Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre tarehe 6 Juni 1925 na Askofu Mkuu Eugenio Tosi wa Milano. Misa yake ya kwanza aliiadhimisha kule kule Montesiro kwa shangazi.

Padre wa vijana

Utume wake wa kwanza ulikuwa kwetu sisi, yaani vijana. Parokia za kule zina nyumba na uwanja wa vijana, wanapaita oratorio. Hapo vijana hucheza mpira, hufundishwa dini, hufanya maigizo. Don Carlo alipangiwa kwanza Cernusco sul Naviglio, kisha parokia ya San Pietro in Sala mjini Milano, na kote huko watu walimpenda. Mwaka 1936 Kardinali Ildefonso Schuster akamteua kuwa mlezi wa kiroho katika shule ya Gonzaga, iliyokuwa chini ya Mabruda wa Shule za Kikristo. Wanafunzi wengi wa pale walikuwa watoto wa familia zenye uwezo.

Angeweza kuishi hivyo hadi uzeeni: shule nzuri, wanafunzi werevu, heshima mjini. Lakini mwezi Juni 1940 Italia iliingia vitani, na wanafunzi wake wakaanza kuitwa jeshini. Don Carlo akaona hawezi kubaki salama darasani wakati vijana aliowalea wanakwenda kufa. Akajitolea kuwa kapelani wa Alpini, wale askari wa milimani wa Italia wenye kofia ya unyoya. Akaenda nao kwanza Albania na Ugiriki, halafu mwaka 1942 akaenda nao Urusi pamoja na divisheni ya Tridentina.

Nisiwafiche: vita ile ilikuwa ya uvamizi, na serikali iliyoianzisha ilikuwa ya kidikteta chini ya Mussolini. Don Carlo alikuwa amewahi kuwa kapelani katika vikundi vya vijana vya utawala huo. Ndiyo, watakatifu nao hukulia katika nyakati zao, pamoja na giza la nyakati hizo. Mungu alimfungua macho taratibu, na mahali alipomfungulia palikuwa pabaya kuliko unavyoweza kufikiri.

Kwenye theluji

Mwezi Januari 1943 jeshi la Italia lilikuwa linarudi nyuma kutoka mto Don. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walikuwa wakitembea kwenye theluji, wengi wakiwa na viatu visivyofaa, njaa kali, na baridi inayoua. Aliyekaa chini kupumzika mara nyingi hakuinuka tena. Wengi waliachwa njiani, maana waliokuwa wakitembea hawakuwa na nguvu za kuwabeba.

Don Carlo alitembea katikati yao. Aliwapa wanaokufa sakramenti, na akapokea kutoka mikononi mwao vitu vya kupeleka nyumbani: barua, pete ya ndoa, picha ya mtoto, ujumbe kwa mama. Mwishowe nguvu zake nazo zikaisha. Akaanguka kando ya njia kama wengine. Wapitaji wakapita. Kisha watu waliokuwa na sleji, ule mkokoteni wa kukokotwa juu ya theluji, wakamwona, wakamwinua, wakampakia. Ndivyo alivyopona.

Hapa ndipo niliposimama kusoma siku ile na kuweka simu pembeni. Kama wale watu wangepita, hadithi ingeishia pale. Yaliyofuata yote, nyumba za watoto, macho aliyoyatoa, vyote vilitokana na mtu mmoja kukubali kuongeza mzigo wakati hata yeye alikuwa karibu kufa. Don Carlo alilielewa hilo. Aliishi miaka yake iliyobaki kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakustahili, anayetafuta wa kumpa.

Aliporudi Italia alipanda mabonde ya milima ya Alpi, nyumba hadi nyumba, akitafuta familia za askari waliokufa. Aliwapelekea zile pete na zile barua. Wakati huo huo Wajerumani walikuwa wameikalia sehemu ya kaskazini ya nchi. Don Carlo akawasaidia Wayahudi na wafungwa waliotoroka kuvuka mpaka kuingia Uswisi. Alikamatwa na kutiwa gerezani. Vita vilipoisha alikuwa amekonda, lakini alikuwa anajua anachotaka kufanya.

Baba wa watoto waliokatwa viungo

Mwaka 1945 alikabidhiwa uongozi wa nyumba ya walemavu wa vita huko Arosio. Hapo akaanza kupokea yatima wa Alpini wake, kisha watoto ambao vita viliwaondolea miguu, mikono au macho. Mabomu hayakukoma siku amani iliposainiwa. Mengi yalibaki mashambani na katika vifusi. Mtoto akiona kitu kinang'aa anaokota, na hapo hapo mkono umekwenda.

Watoto hao Waitalia waliwaita mutilatini, yaani vijana wadogo waliokatwa viungo. Don Carlo alianza na wachache, lakini habari zikaenea, wakaja wengi. Akafungua nyumba nyingine Cassano Magnago, kisha Inverigo, Parma, Torino, Roma, Salerno na kwingineko. Mwaka 1949 marubani wawili Waitalia waliruka kwa ndege ndogo kutoka Milano hadi Buenos Aires, wakivuka bahari ya Atlantiki, ili kuwachangishia watoto hao fedha. Mwaka 1952 serikali iliitambua rasmi taasisi yake mpya, Pro Juventute.

Kitu kimoja kinanigusa sana katika kazi ile. Don Carlo hakutaka watoto wale waonewe huruma tu. Alitaka wafanyiwe upasuaji, wapate miguu ya bandia iliyo bora, wafanye mazoezi, wasome, wajifunze kazi, wacheze. Kwake yeye kumpa mtoto mkate bila kumpa uwezo wa kusimama ilikuwa kazi nusu. Na pale majeruhi wa vita walipoanza kuwa watu wazima, hakufunga milango. Akawapokea watoto waliopooza kwa polio, ugonjwa uliokuwa tishio kubwa siku hizo.

Tarehe 11 Septemba 1955, mbele ya Rais wa Italia Giovanni Gronchi, liliwekwa jiwe la msingi la kituo kikubwa cha kisasa mjini Milano, karibu na uwanja wa mpira wa San Siro. Ilikuwa ndoto yake. Hakuiona ikikamilika.

Zawadi ya mwisho

Saratani ilikuwa imemwingia. Mwanzoni mwa 1956 alikuwa amelazwa katika kliniki moja mjini Milano, akijua kwamba haponi. Alikuwa na miaka 53. Alikuwa ametoa ujana wake, masomo, usingizi, afya. Fedha zote zilizopita mikononi mwake zilikuwa za watoto. Ukimtazama kibinadamu, hakuwa amebaki na kitu.

Alikuwa amebaki na macho.

Wakati huo habari ya kuhamisha kiungo kutoka mtu mmoja kwenda mwingine ilikuwa bado changa. Konea ya kwanza iliyopandikizwa kwa binadamu na kufanikiwa ilikuwa kazi ya daktari Eduard Zirm mwaka 1905 katika mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Figo ya kwanza iliyofanikiwa kwa muda mrefu ilipandikizwa Boston, Marekani, Desemba 1954, kati ya ndugu mapacha, miezi kumi na minne tu kabla ya kifo cha Don Carlo. Konea ina urahisi wake: haina mishipa ya damu, kwa hiyo mwili wa anayepokea huikataa kwa nadra kuliko viungo vingine. Tena inaweza kuchukuliwa hata saa kadhaa baada ya moyo kusimama. Lakini Italia wakati huo haikuwa na sheria iliyofungua wazi njia ya kuitoa kwa marehemu ili kumpandikiza mtu mwingine. Hata kati ya waamini wengi walijiuliza, kama Bibi yangu, ikiwa mwili wa Mkristo unaweza kuguswa namna hiyo.

Don Carlo alimwita rafiki yake, Profesa Cesare Galeazzi, daktari bingwa wa macho, akamwomba kwamba akishafariki achukue konea zake awape watoto wawili wasioona. Hakusema kwa mafumbo, wala hakuwaachia wengine wakisie baada ya yeye kuondoka. Aliomba mapema, kwa akili timamu, kwa mtu aliyeweza kutekeleza.

Alifariki tarehe 28 Februari 1956. Maneno yake ya mwisho kwa rafiki zake yalikuwa ya kuwakabidhi nyumba ile ya watoto, ambayo kwa utani aliiita kibanda chake. Daktari akatimiza ahadi, pamoja na utata wote wa sheria. Konea moja akapewa mvulana, nyingine msichana. Upasuaji wote wawili ukafanikiwa. Wakaona.

Hebu tulia hapo kidogo. Yule padre aliyewatazama watoto kwa upendo miaka yote ile, sasa mvulana anautazama ulimwengu kupitia kioo kile kile ambacho mwanga ulipitia kumfikia Don Carlo alipokuwa akisoma Injili altareni.

Mazishi yalifanyika Milano tarehe 1 Machi, yakiongozwa na Askofu Mkuu Giovanni Battista Montini, ambaye baadaye tulimfahamu kama Papa Paulo VI, na leo ni mtakatifu. Alpini walibeba jeneza. Watu walifurika kanisa kuu na nje yake. Mtoto mmoja kati ya wale aliowalea alipewa kipaza sauti, na akamwambia marehemu kwamba zamani alimwita Don Carlo, lakini tangu siku hiyo atamwita Mtakatifu Carlo. Kanisa lilichukua miaka 53 kuelekea kule mtoto alikofika siku ya mazishi. Don Carlo alitangazwa Mwenyeheri huko Milano tarehe 25 Oktoba 2009, siku ile ile aliyozaliwa. Muujiza uliokubaliwa ulihusu fundi umeme aliyepona mwaka 1979 baada ya kupigwa na umeme ambao kwa kawaida ungemuua.

Kanisa linasema nini

Zawadi ile haikuishia kwa watoto wawili. Italia nzima iliizungumzia. Tarehe 14 Mei mwaka huo huo wa 1956, Papa Pius XII alizungumza na kundi la madaktari wa macho na watu waliojitolea konea. Alieleza kwamba kuchukua konea ya marehemu ili kumsaidia asiyeona si kuuvunjia mwili heshima, bali kunaweza kuwa tendo la huruma. Lakini alisisitiza pia kwamba hakuna anayepaswa kulazimishwa, na kwamba hisia za familia ziheshimiwe. Mwezi Aprili 1957 Italia ikapata sheria yake.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, alikutaja kutoa viungo kwa namna iliyo halali kimaadili kuwa mojawapo ya ushujaa wa kila siku unaojenga utamaduni wa uhai. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2296, nayo inakuita tendo bora na lenye mastahili. Ila kuna mipaka, na kijana Mkatoliki aijue. Lazima mtoaji, au wanaomsemea, wawe wameridhia kwa hiari. Hairuhusiwi kumuua mtu au kumsababishia ulemavu ili kumwokoa mwingine. Kifo kiwe kimethibitishwa kweli kweli. Na kiungo hakiuzwi. Ukisikia mtu anashawishi vijana wauze figo ili wapate mtaji, kimbia, maana hiyo si zawadi tena, ni biashara juu ya mwili wa maskini.

Figo nayo ina habari yake. Binadamu anaweza kuishi na moja, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa moja akiwa hai. Hapa kwetu Tanzania upandikizaji wa figo ulifanyika kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, na mwaka uliofuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Watoaji walikuwa ndugu wa wagonjwa. Mgonjwa wa figo mara nyingi hufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa nyingi kila mara. Hawezi kusafiri, kazi inamshinda, familia inauza hadi shamba. Ndugu akitoa figo na ikakubali, mtu yule anarudi kazini, anarudi shambani, anarudi kwaya. Dawa atakunywa maisha yake yote, lakini ana maisha ya kunywea dawa hizo.

Nilichomjibu Bibi

Nilirudi kwa paroko, tukazungumza. Kisha Jumapili moja baada ya Misa nikakaa na Bibi barazani. Bibi aliwahi kwenda hija Namugongo, na picha ya Mashahidi wa Uganda aliyonunua kule iko ukutani sebuleni. Nikamwuliza, Karoli Lwanga alikufaje. Akanisimulia, kama alivyotusimulia mara mia tukiwa wadogo: alichomwa moto, kuanzia miguuni, polepole, mwaka 1886. Nikamwuliza, basi siku ya ufufuko atainuka? Akanitazama kama niliyetukana. Bila shaka atainuka. Nikamwuliza tena, atainuka na miguu ipi?

Bibi akanyamaza. Kuku walikuwa wanaparua uani, na mdogo wangu alikuwa ndani akisoma akiwa ameweka kitabu karibu kabisa na pua.

Nikamweleza kwamba mwili wetu unazikwa kama mbegu, ndivyo Mtakatifu Paulo alivyowafundisha Wakorinto, na Mungu aliyemfanya mtu kutoka mavumbini hatashindwa na jicho. Nikamsimulia habari za padre Mwitalia mwenye jina sawa na Karoli, maana Carlo na Karoli ni jina moja. Mmoja moto ulimchukua miguu, mwingine mwenyewe aliyatoa macho, na wote wawili wako mbele ya Mungu bila kupungukiwa kitu. Bibi hakusema kama amekubali. Aliniomba tu nimtajie tena jina la huyo padre. Jioni, kwenye sala ya familia, alipofika mahali pa kuwaomba watakatifu, alimwongeza mwishoni, akalitamka kwa shida, nasi tukaitikia.

Sasa na mimi. Baada ya kulisoma lile tendo la mwisho la Don Carlo, nilikumbuka rozari yangu niliyoiacha katikati. Hofu haikuondoka yote, nisiwadanganye. Mwili ni wangu, naupenda, na kuufikiria ukiguswa kunanitisha bado. Lakini sasa najua kwamba hofu hiyo si imani. Imani ni kukiri kwamba sikuyaumba macho haya, nilipewa. Nikamwita mama, tukakaa jikoni, nikamwambia wazi kwamba nikitangulia, na kama hospitali itaweza na sheria itaruhusu, chochote changu kinachoweza kumsaidia mtu kichukuliwe. Mama alilia. Kisha akanipa vitunguu nimenye, tukaendelea kupika. Usiku ule nilirudia rozari, nikaimaliza.

Mdogo wangu bado anasubiri. Jicho la kushoto halijapona, na sijui zawadi yake itatoka wapi au lini. Ninapomwombea siku hizi naomba tofauti. Simwombi Mungu mtu afe. Namwombea yule ambaye saa yake itafika kwa mapenzi ya Mungu, afe kwa amani, na ndugu zake wapate faraja. Nawaombea kama watu wa nyumbani kwetu.

Kwa wiki hii

Wazo langu kwenu ni dogo. Soma Yohane 12, pale Bwana anapozungumzia punje ya ngano inayoanguka ardhini. Kisha jiulize ni kitu gani unachokishikilia kana kwamba ulikiumba wewe. Huenda si jicho wala figo. Huenda ni muda wako, au chupa moja ya damu ambayo benki ya damu inaisubiri na wewe una afya tele. Don Carlo hakuamka siku moja akaamua kutoa macho. Alianza kwa kutoa Jumamosi zake kwa vijana wa parokia. Na kama moyo wako umekwisha kuamua kuhusu viungo vyako, waambie wazazi wako wangali hai na wewe ungali hai, kwa sababu siku ya msiba si siku ya kumwuliza mama swali hilo kwa mara ya kwanza.

Tusali. Ee Mungu, Baba yetu, ulimfundisha Mwenyeheri Carlo kujitoa kidogo kidogo hadi akabaki na macho tu, nayo akayatoa. Utujalie nasi tusikishikilie ulichotupa. Uwafariji wanaosubiri, uwape nuru wanaotoa, uwaongoze madaktari, na uwapokee katika mwanga wako wale ambao kwa kifo chao wengine wanaona. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Carlo Gnocchi, utuombee.
Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.